Kumtafutia jamaa hoteli ya bei ya kadiri Nairobi: ninavyopanga

Jamaa akinipigia simu kutoka Malindi au Lamu akitaka nimtafutie pa kulala Nairobi, sianzi na bei. Namuuliza mambo mawili: asubuhi ya kwanza anatakiwa wapi na saa ngapi, na basi au treni itamshusha wapi na saa ngapi. Majibu hayo ndiyo yanayochagua hoteli. Bei naiangalia baadaye, kwa sababu chumba rahisi kilicho upande usiofaa wa jiji hulipiwa mara mbili, kwanza mapokezi, kisha kwenye teksi.

Kilomita nne za Nairobi zaweza kuwa dakika kumi au saa nzima. Tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, magari yanayoingia mjini kwa Thika Road, Jogoo Road, Mombasa Road na Ngong Road husongamana. Jioni foleni hugeuka, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi ikikutana na mvua sithubutu kumwahidi mtu saa ya kufika. Ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, humfaa sana anayetoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, lakini ina ushuru, na dereva huuongeza kwenye nauli. Mwulize kabla hajaingia.

Mwenye kliniki Hospitali ya Kenyatta namtafutia Upper Hill, Hurlingham au mitaa ya karibu na Kenyatta Market, ambako hata chakula cha mchana hakisumbui. Mwenye miadi Aga Khan au MP Shah, zote Parklands, namweka hapo hapo Parklands, au Ngara ambako vyumba huwa na bei ya chini zaidi na hospitali haziko mbali. Anayefuatilia pasipoti Nyayo House hana sababu ya kulala nje ya katikati ya jiji; kutoka Moi Avenue ni robo saa hivi kwa miguu, moja kwa moja kwa Kenyatta Avenue. Mwenye mahojiano ya viza kwenye ubalozi wa Marekani, Gigiri, namlaza Parklands au Westlands, kwa kuwa asubuhi atakuwa akitoka mjini wakati watu wengi wanaingia.

Wafanyabiashara wana hesabu yao. Anayenunua mitumba Gikomba hutaka kuwa sokoni marobota yanapofunguliwa alfajiri, kwa hiyo alale umbali wa hatua chache na asitegemee matatu. Anayenunua vitambaa, nguo au vifaa vya umeme atafute Eastleigh kwenyewe. Hoteli ni nyingi, na nyingi haziuzi pombe, jambo linaloondoa nusu ya kelele za usiku. Kulala na kuuza ni mambo yaliyokua pamoja mtaani humo: Garissa Lodge, iliyokuja kuwa mfano wa majengo ya maduka ya Eastleigh, ilikuwa nyumba ya wageni kabla vyumba vyake havijageuzwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sasa bei. Tuseme chumba cha River Road ni shilingi 1,800 kwa usiku na cha karibu na Hospitali ya Kenyatta ni 2,500. Kwa usiku nne, tofauti ya bei ni 2,800. Mgonjwa na muuguzaji wake wakichukua teksi ya shilingi 500 kwenda na 500 kurudi kwa siku tatu za kliniki, hiyo ni 3,000, na mvua ikinyesha saa ya foleni nauli za programu za teksi hupanda. Chumba cha 2,500 ndicho kilicho nafuu, tena mgonjwa analala saa moja zaidi. Mzima anayetembea au kupanda matatu bila shida hesabu yake itakuwa nyingine, ndiyo maana naifanya upya kwa kila mtu.

Hakikisha pia bei uliyotajiwa ni ya mwisho. Kodi ya VAT ni asilimia 16 na ushuru wa utalii ni asilimia 2. Gesti ndogo hutaja bei iliyokwisha kujumlisha kila kitu, lakini hoteli inayotaja 3,000 "kabla ya kodi" itakudai 3,540. Uliza kama bei ni ya chumba au ya kila mtu, na kama kiamsha kinywa kimo. Kiamsha kinywa chenyewe kichunguze. Jikoni nyingi huanza kugawa saa moja asubuhi, na foleni ya kliniki huanza mapema kuliko hapo. Anayekwenda kupimwa damu akiwa hajala chochote hana faida na chai iliyolipiwa. Kwa watu hao nachukua kitanda pekee, au naomba mandazi, na chai kwenye chupa, viandaliwe tangu usiku.

Saa ya kufika ndiyo huwaponyoka wengi. Hoteli hufungua vyumba kwa wageni wapya saa nane mchana hivi na hutaka wanaoondoka wawe wametoka saa nne au saa tano asubuhi. Treni ya SGR inayotoka Mombasa saa nne usiku hufika kabla ya kupambazuka, na mabasi mengi ya usiku pia. Maana yake ni kuketi na mizigo kwa muda wa saa tisa au kumi ukingoja ufunguo. Kwa mzee au mgonjwa nalipia usiku uliotangulia, nikiwaambia mapokezi kwa maneno ya wazi kwamba mgeni ataingia saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata. Wasipoambiwa, usiku wa manane ukifika na mgeni hajaja, chumba wanampa mwingine. Kwa kijana mwenye afya naomba tu mzigo upokelewe na apewe bafu. Asiye na haraka namshauri asubiri kwenye ofisi ya basi mpaka kupambazuke kabla ya kubeba begi kupita River Road au Accra Road, hata kama hoteli iko kona ya pili.

Wa treni akumbuke kwamba kituo cha Syokimau kiko nje ya mji. Kuna treni ya kuunganisha hadi stesheni ya zamani ya katikati ya jiji. Tikiti yake ulizia unapokata ile kubwa. Anayeshuka kwa ndege bila haraka ana matatu za nambari 34 hadi mjini.

Kupiga simu kunanipa mengi kuliko picha za mtandaoni. Napiga saa tatu usiku, ikiwezekana Ijumaa au Jumamosi, na kabla sijauliza lolote nasikiliza kilicho nyuma ya sauti ya mhudumu. Muziki wa baa ukisikika mapokezi, utasikika ghorofa ya kwanza na ya pili. Halafu nauliza: umeme ukikatika kuna jenereta, na linafika vyumbani au linawasha korido tu? Maji ya mfereji yakikosekana kuna tangi au kisima? Maji ya moto yanatoka wapi? Kuna lifti? Chumba kinaangalia barabara au ndani? Mhudumu anayejibu "kila kitu kipo" bila kufafanua namwomba aniitie msimamizi.

Tukikubaliana naomba ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe za kuingia na kutoka, aina ya chumba, bei kamili na saa ya kufika. Rubuni, yaani malipo ya awali, nailipa kwa nambari ya Lipa na M-Pesa ya hoteli tu, na jina linaloonekana lazima lilingane na la hoteli. Nikipewa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata akijiita meneja, silipi. Matapeli huchukua picha za hoteli halisi na kuweka nambari zao, na pesa ikishatolewa kwa wakala hairudi. Siku moja kabla ya safari napiga tena kuthibitisha.

Maji ya moto nayatilia mkazo kwa sababu Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Mtu wa Pwani hulihisi baridi hilo mpaka kwenye mifupa. Hoteli nyingi za kadiri hutumia shawa ya umeme inayopasha maji yakiwa yanapita kichwani mwake. Nguvu yake ni ile ile wakati wote, kwa hiyo ukifungua mfereji sana maji hupita haraka na kutoka vuguvugu. Upunguze kidogo kidogo nayo yatazidi kuwa moto. Lakini ukipunguza mno shawa hujizima, maana ndani yake kuna swichi inayosukumwa na nguvu ya maji. Hapo ndipo vyumba vya ghorofa ya juu kabisa hushindwa: tangi liko paani, hatua chache tu juu yao, maji hayana msukumo na swichi haishiki. Naomba chumba kilicho ghorofa mbili au tatu chini ya paa. Swichi ya ukutani huwa nje ya bafu, mara nyingi yenye taa nyekundu. Iwashwe kabla ya kuingia na kuzimwa baada ya kutoka, na kichwa cha shawa kisiguswe kikiwa kinafanya kazi. Nikiona nyaya zilizofungwa kwa karatasi ya nailoni, nabadilisha chumba bila mjadala. Penye hita ya jua, oga jioni. Asubuhi wageni wa mapema huwa wamemaliza maji ya moto, na Julai yenye mawingu tangi halipati joto la kutosha.

Kuhusu kelele, vyumba vinavyoangalia Tom Mboya, River Road au Latema husikia honi za matatu karibu usiku kucha, na Ijumaa kesha za makanisa huongezeka. Chumba kinachoangalia uwazi wa ndani ya jengo huwa kimya zaidi, ila fungua dirisha kwanza: kama linatazama bomba la moshi la jikoni au jenereta, afadhali honi.

Sikabidhi pesa iliyobaki kabla chumba hakijakaguliwa. Begi naliweka bafuni kwenye vigae, kamwe si kitandani. Navuta shuka pembe ya kichwani, nafungua mshono wa godoro na kuupitisha tochi ya simu, kisha ubao wa kichwani, nyufa za kitanda na nyuma ya picha ukutani. Kunguni huacha vidoa vidogo vyeusi kama vya wino, na maganda mepesi ya rangi ya kahawia. Kimoja kikionekana sikubali kupelekwa chumba cha jirani, kwa sababu hupenya ukutani na kwenye njia za nyaya. Naomba ghorofa nyingine au naondoka. Nguo zilizokwisha kuguswa zifungiwe peke yake na zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Kuanika kivulini hakuwaui. Baada ya kitanda najaribu kufuli na komeo la ndani, navuta maji ya choo na kuchaji simu kwenye soketi, zilizo za pini tatu bapa, umeme wa volti 240.

Jambo moja naliangalia mwenyewe kila mara, hata kama mgeni ana usingizi: ngazi. Majengo mengi ya zamani ya katikati ya jiji yana geti la chuma kwenye ngazi, na usiku hufungwa kwa kufuli dhidi ya wezi. Nauliza nani ana ufunguo na analala wapi. Akiwa si mlinzi aliye pale pale chini, moto ukizuka wageni hawana pa kupitia, na hoteli hiyo siichukui kwa bei yoyote. Sambamba na hilo, baridi ikizidi mgeni aombe blanketi la pili. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani hata dakika tano: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu waliolala madirisha yakiwa yamefungwa.

Kwa mgonjwa au mzee nauliza zaidi: choo cha kukalia au cha kuchuchumaa, vipandio vingapi toka barabarani hadi mapokezi, na kama shawa iko juu ya choo kiasi kwamba sakafu hubaki majimaji. Kiti cha plastiki cha kuogea akiombwa mtu wa usafi hupatikana, na kandambili za mpira mgeni aje nazo. Kitambulisho, au pasipoti kwa asiye Mkenya, kitaandikwa mapokezi, cha kila anayelala chumbani. Muuguzaji asiyekuwa nacho huzuiwa mlangoni.

Siku ya kuondoka, basi la saa tatu usiku haliendani na kutoka chumbani saa nne asubuhi. Hoteli zisizojaa huuza nusu siku kwa bei ya kukubaliana. Ombi hilo nalipeleka jana yake jioni, kwani asubuhi wanaosafisha huwa wameshapangiwa vyumba. Zisipokubali, mizigo huachwa stoo kwa risiti yenye nambari. Dawa, faili la hospitali na picha za eksirei hazibaki stoo hata kwa saa moja. Mgonjwa hukaa nazo mkononi mpaka ndani ya basi.