Doa alivyozoea kuishi na watu

Doa alikuja kwetu akiwa na umri wa kama miezi minane. Ni mbwa jike, rangi ya udongo, na kifuani ana doa jeupe ndilo lililompa jina. Kituo kilichomwokoa hapa Arusha kilikuwa kimejaa, wakawa wanatafuta mtu wa kumlea kwa muda mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Mimi nimefuga mbwa tangu utotoni, nina ua wenye ukuta hapa Moshono, na nina Simba, dume wa makamo aliyetulia sana. Nikakubali.

Habari za maisha yake ya nyuma zilikuwa fupi. Alizaliwa kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba ya watu, akakulia humo humo na mnyororo shingoni, chakula anatupiwa mlangoni. Waliomfuga walipohama, wakamwacha. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na bado mambo haya yapo, kwa sababu wengi wetu tunaamini mbwa mlinzi mzuri ni yule asiyeona watu. Imani hiyo ndiyo iliyomharibu Doa. Hakuwa mlinzi wala mkali. Alikuwa anajikojolea akisikia kikohozi cha mtu.

Kilichonisaidia kutulia tangu mwanzo ni kuelewa nini hasa alikikosa. Mwaka 1961 watafiti wa Bar Harbor, kule Maine nchini Marekani, walichapisha matokeo ya watoto wa mbwa waliokuzwa kwenye uwanja wenye uzio bila kushikwa na binadamu. Waliotolewa na kukaa na watu wakiwa na wiki chache walizoea vizuri. Waliokaa humo hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini. Kwa hiyo mtoto wa mbwa ana miezi michache tu ya kujifunza kirahisi kwamba watu, sauti na vitu ni sehemu ya maisha. Baada ya hapo bado anaweza kujifunza, ila polepole, jambo moja moja, na akishamzoea mtu mmoja haina maana amewazoea watu wote. Nilipolijua hilo, sikumwona Doa kama mkaidi hata mara moja.

Nilimweka kwenye stoo inayofungukia uani. Humo nililaza kasha la mbao kwa ubavu, nikatandika magunia, nikalifunika juu kwa kanga kuukuu ili ndani kuwe na giza. Nikawaambia wote nyumbani: akiwa ndani ya kasha, hakuna wa kumtazama, kumwita wala kumtoa. Ni chumba chake. Geti nililiwekea komeo la pili kwa ndani, maana mbwa mwoga akitoka barabarani harudi kwa kuitwa, anakimbia tu mpaka gari limpate. Tulipoanza kutoka naye, baadaye sana, alivaa mkanda wa shingoni na wa kifuani kwa pamoja, kamba imefungwa kwenye yote miwili, kwa sababu mbwa akirudi nyuma kwa hofu anaweza kuchomoa kichwa kwenye mkanda wa shingo mara moja.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilihusu kuinama. Mbwa wa mitaani kwetu wote wanajua mtu akiinama anaokota jiwe. Doa, ingawa hakukulia mtaani, naye alilijua. Nikiinama kuweka bakuli, alijigandamiza ukutani, mkia umefyatwa mpaka tumboni, weupe wa macho unaonekana. Nikaanza kuingia na kigoda. Nakaa kwanza, nampa ubavu, natazama mlangoni, halafu ndipo naweka bakuli pembeni yangu kwa mkono ulio chini tayari. Kuanzia hapo hakukuwa na kuinama mbele yake, kwa mtu yeyote wa nyumba hii.

Chakula kilikuwa ugali wa dona na mapupu ya ng'ombe, saa zile zile asubuhi na jioni. Lakini kazi kubwa ilifanywa na dagaa. Nilikaa kwenye kigoda nikisoma, na kila baada ya muda nikatupa dagaa mmoja. Mwanzoni alikuwa hali mpaka nitoke. Mbwa mwenye hofu kubwa hawezi kula hata akiwa na njaa. Kisha akaanza kula nikiwemo. Hapa ndipo watu wengi huwa na haraka ya kumvuta mbwa kwa chakula hadi mkononi. Mimi nilifanya kinyume: akinisogelea, nilimtupia dagaa nyuma yake, upande wa kasha, ili akimfuata aondoke kwangu. Akishamla anaweza kubaki huko au kurudi, hiari yake. Alirudi. Na kila aliporudi alikuja karibu zaidi kidogo. Ninaamini kabisa kwamba hilo la kuruhusiwa kuondoka ndilo lililomtibu Doa. Maisha yake yote kabla ya hapo alikuwa na mnyororo. Hakuwahi kuondoka mbele ya kitu kinachomtisha. Mbwa anayejua anaweza kuondoka hana sababu ya kung'ata.

Ilinibidi pia nijifunze kumsoma kabla hajafika kwenye kutetemeka. Alikuwa akianza kwa kulamba pua, au kupiga miayo asubuhi na mapema wakati ametoka kulala usiku kucha. Anageuza uso pembeni. Kisha mwili unakakamaa, mdomo unafumbwa. Baada ya hapo ndipo kunguruma. Mwanangu alipomsikia akinguruma mara ya kwanza alitaka kumkemea, kama tunavyofanya wengi. Nikamwambia mwache, rudi hatua mbili. Mbwa akinguruma anatuomba nafasi kwa lugha aliyo nayo. Ukimpiga kwa kunguruma hofu haiondoki, kinachoondoka ni onyo, na siku nyingine atang'ata bila kuonya.

Simba alifanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Nilimpitisha kwanza nje ya mlango wa stoo wanusane kwa chini, kisha nikawaacha uani pamoja mimi nikiwa mbali. Doa alikuwa anawajua mbwa vizuri kuliko watu. Alijibandika kwa Simba tangu siku hiyo. Simba akija nimkune shingo, Doa anasimama nyuma yake anaangalia. Akaanza kunusa mkono wangu wakati upo shingoni kwa Simba. Ikawa hivyo kwa muda mrefu kabla hajaniruhusu nimguse mwenyewe, na hata hapo nilianzia kifuani, penye lile doa, kamwe si kichwani. Mkono unaoshuka juu ya kichwa unamtisha mbwa wa namna hii. Namkuna kidogo, naacha. Akisukuma kifua kwenye mkono wangu naendelea, akinyamaza tu naishia hapo.

Sauti tulizichukua moja moja. Bodaboda inayopita nje: kabla haijawa karibu, dagaa. Geti kulia: dagaa. Muhimu ni sauti itangulie, chakula kifuate, na sauti iwe hafifu kiasi kwamba bado anaweza kula. Akikataa dagaa ujue umemsogeza karibu mno. Adhana na spika za kanisani hazikumsumbua, nadhani alizisikia tangu kibandani. Bati ndilo lilikuwa adui yake. Mvua za masika zilipopiga paa, alitoka kwenye kasha na kuja kujificha chini ya kigoda changu, nami nikakaa pale pale mpaka ikakata. Wapo wanaosema ukimliwaza mbwa mwenye hofu unamzidishia hofu. Sikubaliani nao. Hofu si tabia anayoifanya ili apewe zawadi.

Kuhusu afya na majirani sikuacha kitu. Alikuja tayari ana chanjo ya kichaa cha mbwa na amefungwa kizazi, dawa ya minyoo nikampa mwenyewe. Daktari wa mifugo nilimwomba aje nyumbani, akae kigodani kama mimi, siku ya kwanza asimguse kabisa. Watoto wa jirani niliwafundisha jambo ambalo kila mtoto anapaswa kulijua: aking'atwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Jirani yangu wa ukuta wa pili ni bibi Mwislamu. Nilikwenda kumwamkia, nikamweleza kwamba nimeleta mbwa mwingine. Akaniambia, "Mwanangu, mimi mbwa simchukii, naogopa tu mate yake yasinipate nikiwa natoka kuswali." Basi saa za swala Doa hakutoka getini, na bibi akawa anawakataza wajukuu zake kurusha mawe ukutani. Bila yeye kazi ingekuwa ngumu mara mbili.

Mafanikio hayakupanda tu. Usiku wa fataki za mwaka mpya Doa alirudi kuwa yule wa kwanza, hataki kula, hataki kuguswa. Nikarudi kwenye kigoda na kumpa ubavu, tukaanza tena. Safari hii alirudi haraka zaidi.

Familia iliyomchukua inaishi Usa River, mume na mke na mbwa mmoja mzee. Hawakumbeba siku ya kwanza. Walikuja kwetu mara kwa mara, wakakaa kwenye kigoda kile kile, wakatupa dagaa. Siku ya kuhama tulitanguliza magunia yake bila kuyafua, yawe na harufu anayoijua, na Simba tulimpakia naye akashinda huko hadi jioni. Niliwaeleza wazi ambayo bado hayajaisha: Doa anamwogopa mtu aliyebeba jembe au mwavuli, hapendi kupita kwenye mlango akiwa mtu amesimama nyuma yake, na mgeni asimguse kabla yeye hajamnusa. Wamekubali hayo yote. Juzi mama wa nyumba alinipigia kuniuliza kama ni sawa, maana Doa ameanza kumbwekea muuza maziwa getini. Nikamwuliza, akibweka anarudi nyuma au anasogea mbele? Akasema anabweka halafu anakimbilia kwake jikoni. Nikamwambia kesho ampe muuza maziwa dagaa kidogo, naye amrushie Doa kwa mbali, asimwite.