Katoto ka chini ya meza

Nilikuwa na kama miezi minne tu kazini, darasa la wadogo, wa miaka 2 hadi 3. Kulikuwa na katoto kamoja ka kiume, mchana kutwa kanacheza vizuri hakana shida na mtu, ila mama yake akitokea tu mlangoni kuja kumchukua, mbio chini ya meza, analia kama kaona jini. Kila siku. Na mama kasimama pale kimya, mkoba begani, anaangalia saa.

Mimi nikawa nishajiamulia kimoyomoyo, kwa huyu mama kuna jambo, mtoto anamwogopa. Hadi kwenye daftari la darasa nikaandika "mama hana habari naye".

Msimamizi wetu akaisoma ile, wala hakunigombeza, akauliza tu, "Hapa umeona nini, na umedhani nini?" Nikanywea. Nilichoona ni mtu anaangalia saa, basi, mengine yote nimejazia mwenyewe. Akaongeza, na mbona una hasira naye hivyo? Hilo sikuwa na jibu (sasa ninalo, ila ni mambo ya nyumbani kwetu, tuyaache).

Kesho yake badala ya kumvuta mtoto kutoka kule chini nikamuuliza, "Mama, asubuhi kabla hamjaja huku anakuwaje?" Akanitazama weee, halafu akasema, mwalimu, asubuhi anang'ang'ania kitasa cha mlango hataki kutoka, mimi nilikuwa nawaza huku mnamfanya nini. Jamani! Kumbe wiki zote hizo namshuku yeye, yeye ananishuku mimi, na salamu tunapeana vizuri kabisa. Saa alikuwa anaiangalia sababu anawahi zamu ya usiku.

Tukakaa sakafuni tukaongea, mtoto kachungulia anatusikiliza. Tukaanza kuona labda tatizo si mama wala darasa, ni kule kukatizwa ghafla anachofanya. Tukakubaliana nimwambie mapema kwamba mama anakaribia, na kigari anachochezea aondoke nacho, asubuhi akirudishe mwenyewe.

Siku ya kwanza alilia vilevile, ya pili pia, nikaanza kuona aibu. Wiki iliyofuata akatoka mwenyewe, kigari mkononi, akampita mama yake bila hata kumwangalia, akaenda kusimama mlangoni anatusubiri tumalize kuongea.