Simu huchaguliwa kabla ya kufika dukani

Kila nisomapo mjadala kuhusu simu bora, nakuta watu wakibishana juu ya kamera, betri na kasi, kana kwamba mnunuzi huzipanga chapa zote mezani kabla ya kuamua. Nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya uamuzi huo huwa imekwisha kufanyika kabla hajaingia dukani, na ndiyo maana simu inayotamba katika nchi moja huweza kudorora katika nchi ya pili.

Kwanza kuna namna ya kulipa, jambo ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha. Nchini Japani, ambako iPhone iliingia mwaka 2008 kupitia kampuni ya mtandao ya SoftBank, na vilevile Marekani, watu walizoea kuchukua simu kwa mkataba na kampuni ya mtandao, gharama ikigawanywa katika malipo ya kila mwezi. Tofauti kati ya simu ya ghali na ya bei nafuu ikishapunguzwa hivyo, wengi huchukua ya ghali bila kusita. Anayetakiwa kutoa fedha taslimu zote siku ileile hupiga hesabu nyingine kabisa.

Halafu kuna mazingira ya matumizi. Transsion, kampuni ya Shenzhen iliyoanzishwa mwaka 2006, huuza simu za Tecno, Itel na Infinix kwa wingi barani Afrika, ilhali kwao China hazina umaarufu wowote wa kutajika. Yeyote aliyewahi kufungua mfuniko wa simu, akatoa betri, akachomoa laini kwa ukucha na kupachika nyingine ili tu apige kwa bei ya mtandao uleule, kisha akasubiri simu iwake upya, ataelewa mara moja kwa nini simu ya laini mbili, tena inayokaa na chaji, ilipokelewa kwa mikono miwili. Kampuni hiyo ilirekebisha pia kamera zake ili sura ya mtu mwenye ngozi nyeusi isipotelee gizani pichani, na hilo naliheshimu, kwa kuwa linaonyesha kwamba kuna aliyemtazama mtumiaji kwa makini.

Siasa nazo zina nguvu zake. Marekani ilipoiwekea Huawei vikwazo mwezi Mei 2019, simu zake mpya zilikosa huduma za Google, na mauzo yake nje ya China yakaporomoka. Ndani ya China pigo hilo halikuuma vile, kwa sababu watu hawakuwa wakizitegemea huduma hizo tangu awali.

Huko China, mazungumzo, malipo na shughuli nyingi za kila siku hupitia WeChat, ambayo hufanya kazi katika simu ya chapa yoyote, kwa hiyo kuihama chapa hakumtengi mtu na jamaa zake, tofauti na Marekani ambako iMessage, huduma ya ujumbe iliyomo katika simu za Apple pekee, huwafunga wengi kwenye iPhone. Samsung ililiona hilo kwa uchungu: mwaka 2013 ilikuwa na karibu moja ya tano ya soko la China, lakini kampuni za huko zilipoleta simu zinazokaribiana nazo kwa bei ya chini, wateja waliondoka, na mwaka 2019 ikafunga kiwanda chake cha mwisho cha simu nchini humo, kilichokuwa Huizhou, huku kwao Korea Kusini ikiendelea kuongoza.