Siku moja kwenye chumba cha picha za matiti, Tanga

Saa 11:30 alfajiri
Nimeswali, nimekunywa chai na kipande cha muhogo. Kutoka Makorora hadi kazini ni bajaji moja.

Saa 1:30 asubuhi
Kabla ya mgonjwa yeyote, napiga picha kipande cha plastiki chenye nyuzi na punje ndogo ndani yake, kupima kama mashine iko sawa. Nisipoziona punje zile, siiti mtu.

Saa 2:15
Wa kwanza ni mwalimu wa miaka 52. Hana uvimbe wala maumivu, amekuja kuchunguzwa tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo hiki kila baada ya miaka miwili kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69, penye huduma. Namwuliza kama amejipaka kitu kwapani. Amejipaka, tena na poda juu yake. Nampa kitambaa na maji ajifute, kwa sababu chembe za vipodozi hivyo hutokea kwenye picha kama vidoa vyeupe, na vidoa vya chokaa ndivyo mara nyingine dalili ya mwanzo kabisa ya saratani. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilisahau kuuliza. Mama mmoja aliitwa arudi, akakaa siku nne bila usingizi kwa ajili ya poda. Sijasahau tena.

"Utanibana sana?" ananiuliza.

"Nitabana, mwalimu, na utasikia maumivu. Sekunde chache tu."

Namweleza sababu. Titi likitandazwa, kilichojificha nyuma ya kingine hujitokeza, na mionzi inayohitajika hupungua. Kila titi picha mbili: moja kutoka juu, nyingine ya mshazari hadi kwapani. Anauliza habari za mionzi. Namwambia ni kiasi ambacho mtu hupata kutoka ardhini na angani kwa wiki saba hivi akiwa nyumbani kwake.

Saa 4:00
Binti wa miaka 26 kutoka Pongwe, ana kiuvimbe kwenye titi la kulia. Huyu simbani. Matiti ya umri wake mara nyingi yana nyama nzito inayotoka nyeupe kwenye picha, na uvimbe nao hutoka mweupe. Ni kutafuta punje ya chumvi ndani ya unga. Anaingia ultrasaundi. Daktari anaona kifuko cha maji, cheusi, kingo laini. Binti analia kwa furaha, nami namwachia muda.

Saa 5:40
"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mzigo."

Bibi wa Pangani, miaka 67, anafungua kanga. Ndani mna filamu za matiti yake za miaka mitatu iliyopita, alizozilaza chini ya godoro pamoja na hati ya shamba la minazi. Nilitamani kumkumbatia. Picha ya leo ina doa upande wa kushoto. Daktari anaziweka mbili sambamba: doa ni lilelile, ukubwa uleule, kingo zilezile. Bila kanga ile bibi angeitwa tena, pengine achomwe sindano ya kuchukua kinyama cha kupimwa. Tafadhali, mama zangu, picha zenu msizitupe na msiwape watoto wachezee. Mabadiliko ndiyo tunayoyatafuta, na hayaonekani kwa picha moja.

Saa 9:20 alasiri
Mama wa miaka 47. Ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani. Amekaa nalo mwaka mzima kimya, kwa sababu halikumuuma. Kwenye kioo cha mashine naona doa jeupe lenye miiba kama nyota.

"Dada, umeona nini?"

Mimi sitoi majibu, na uso wangu nao nauzuia usitoe. Namwambia ukweli ninaoruhusiwa: kuna sehemu daktari lazima aitazame leo hii, na picha peke yake haithibitishi saratani, mpaka kichukuliwe kinyama kipimwe. Nambebea mkoba wake hadi mlangoni kwa daktari. Naketi naye kwenye benchi.

Saa 11:10 jioni
Amepangiwa kesho kuchukuliwa kinyama. Ikithibitika, safari yake ni Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kaniambia anaogopa kumweleza mumewe. Tumekubaliana aje naye kesho, nami niwepo pale wanapoelezwa. Saa 1 asubuhi nitampigia, kabla hajapanda daladala.