Siku moja gereji: IST iliyopigwa alaimenti mara tatu

Saa 1:00 asubuhi. Nafungua gereji hapa Tabata. Dogo anafagia, mimi natoa jeki, stendi, tochi na mtaimbo. Mashine ya alaimenti, ya kupima mwelekeo wa tairi, naiacha na turubai lake. Zamu yake haijafika.

Saa 2:20. Inaingia Toyota IST, dereva ni mama wa makamo, mwalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii gari inavuta kushoto. Nimepiga alaimenti mara tatu tangu masika iishe, wiki mbili hazipiti inarudia."

Namuuliza inavuta muda wote au akishika breki. "Kwenye breki ndiyo inazidi." Jibu hilo kwangu ni nusu ya kazi. Barabara zetu zimeinamishwa pembeni ili maji yatoke, kwa hiyo gari kwenda kushoto kidogo ni kawaida. Kuvuta kwa nguvu kwenye breki si kawaida.

Saa 2:40. Upepo kwanza, maana tairi moja likipungua upepo gari linavuta upande huo. Hapa uko sawa. Kisha napitisha kiganja juu ya tairi la mbele kushoto. Kutoka nje kuingia ndani kinakatwa kama na meno ya msumeno, nikirudisha, panateleza. Tairi hili limekuwa likitembea huku limegeukia nje, na upande wa ndani umeliwa hadi nyuzi zinaonekana. Lingekuwa na mabonde mabonde ningeanza na shokapu.

Saa 3:10. Nanyanyua gari kwa bodi, tairi zining'inie. Kwenye IST springi imekaa kwenye shokapu, kwa hiyo boljointi, kiungo cha mviringo kinachoacha tairi ligeuke, inabaki huru. Magari ambayo springi imekalia wishboni ya chini, yaani mkono wa chuma unaoshika tairi, jeki naiweka chini ya wishboni yenyewe, la sivyo nguvu ya springi inaficha mchezo na fundi anaapa boljointi ni nzima.

Nashika tairi juu na chini, nasukuma. Kak! Dogo anakanyaga breki, nasukuma tena, bado inagonga. Ingekuwa beringi ya tairi, breki ingeinyamazisha. Ni boljointi. Nashika kushoto na kulia: kimya, tairodi na raki endi, vyuma vinavyotoka kwenye usukani kugeuza tairi, ni nzima. Naingiza mtaimbo kwenye bushi ya nyuma ya wishboni, raba inayoishikilia kwenye bodi, nabonyeza kidogo tu. Raba imechanika yote, wishboni inarudi nyuma. Ndicho kinachotokea kila akishika breki: tairi linahama, mwelekeo unabadilika.

Saa 4:00. "Mwanangu, si unipigie alaimenti tu leo?"

Nakataa. Nampa mtaimbo abonyeze mwenyewe, naye anaona chuma kinavyocheza. Ananyamaza, anatoa risiti tatu kwenye pochi, anazitazama. Inaniuma. Mashine inapima tu. Ukirekebisha tairodi wakati bushi imekufa, namba zinakuwa nzuri gari likiwa limesimama, tuta la kwanza tu zinapotea. Mara tatu amelipia namba, na hakuna aliyeinama chini ya gari lake.

Saa 5:30. Bodaboda anatumwa Shaurimoyo: boljointi na bushi. Bushi naagiza za pande zote mbili, ya kulia nayo ina nyufa.

Saa 8:00 mchana. Tunafunga. Boliti za bushi nazishikiza tu, kisha nashusha gari likae kwa uzito wake ndipo nazikaza. Wengi huzikaza gari likiwa juu. Raba inashikwa katika mkao wa kuning'inia, gari likishuka inabaki imejisokota, na kila shimo linaichana zaidi. Bushi mpya inakufa kabla ya wakati, halafu spea inalaumiwa.

Saa 9:30. Mama amenunua tairi mbili za mbele. Sasa turubai linatoka. Napima, nasukuma gari mbele na nyuma, napima tena: namba zile zile. Nageuza tairodi pande zote, usukani ukae katikati.

Saa 11:00 jioni. Tunatoka naye. Barabara ikiwa tupu namwambia ashike breki huku ameushika usukani kwa wepesi. IST inasimama imenyooka. Anarudia mara mbili zaidi bila mimi kumwambia.

Saa 12:10. Tairi la zamani limebaki. Namwambia dogo afumbe macho, apitishe kiganja.

"Inakata nikiingia ndani."

"Kwa hiyo?"

"Lilikuwa limegeukia nje."

Analibeba mwenyewe kwenda kulihifadhi.