Siku saba, daftari moja na pasi ya reli

Pesa yangu imerudi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonishughulisha wiki nzima hapa Japani, kuliko mahekalu, kuliko makumbusho, wakati mwingine kuliko hata njaa.

Pasi ya Japan Rail ya siku 7, yaani tiketi moja ya wageni ya kupanda treni za JR bila kukata nauli kila safari, behewa la kawaida, ilinigharimu yeni 50,000. Kabla ya Oktoba 2023 ilikuwa yeni 29,650, na waliosafiri enzi hizo hawachoki kukukumbusha. Karibu kila niliyemuuliza alinijibu kwamba siku hizi hailipi, bora ukate tiketi moja moja. Nikapiga hesabu. Tokyo hadi Kyoto, yeni 14,000 hivi. Kyoto hadi Hiroshima, 11,000 na ushei. Hiroshima kurudi Tokyo, 19,000 na ushei. Ukijumlisha unagota kwenye 45,000. Yaani hasara ya wazi, imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikainunua vilevile. Cha mlevi huliwa na mgema, na ulevi wangu mimi ni treni.

Dada wa dirishani aliipekua pasipoti yangu hadi akauona muhuri wa mgeni wa muda mfupi, maana bila huo hupewi pasi. Kisha akatoa kalenda ndogo, akahesabu kwa ncha ya kalamu, moja, mbili, tatu, mpaka saba, akaizungushia duara tarehe ya mwisho. Siku zinakwenda kwa tarehe, si kwa saa 24, kwa hiyo ukianza kuitumia saa kumi jioni, siku nzima imeshaliwa. Tena ikipotea hupewi nyingine. Nikaivaa shingoni kwenye kipochi, ndani ya shati, kama hirizi.

Siku hiyohiyo nikafungua ukurasa mpya wa daftari: kushoto nauli niliyoepuka kulipa, kulia jumla. Hapo ndipo uroho ulipoanza.

Njia ya Tokyo na Osaka ndiyo Shinkansen, reli ya treni za mwendo kasi, ya kwanza, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, na treni zake za haraka kupita zote huitwa Nozomi. Mwenye pasi akitaka kuipanda lazima aongeze pesa. Tokyo hadi Kyoto ni yeni 4,960. Nikasema thubutu! Nikapanda Hikari, inayotumia saa mbili na dakika arobaini badala ya saa mbili na robo. Tatizo la Hikari ni kwamba huko njiani husimama kando na kuwapisha wakubwa zake. Umetulia dirishani, unamwangalia mfanyakazi mwenye glavu nyeupe akinyoosha kidole kwenye reli na kusema peke yake kwa sauti alichokiona, mara behewa zima linatikisika, weupe umepita mbele ya macho yako, kwisha. Mfanyakazi yule wala hapepesi.

Nilikuwa nimejiwekea kiti E, kwa sababu ukitoka Tokyo huo ndio upande wa Mlima Fuji. Yapata dakika arobaini na tano baadaye, mzee niliyekaa naye akakunja gazeti lake, akanigusa kiwiko, akaonyesha dirishani. Mawingu matupu. Si kilele, si mteremko, hakuna hata dalili kwamba pale pana mlima. Mzee akatazama, akatazama tena, halafu akanigeukia na kuinamisha kichwa, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mgeni rasmi aliyechelewa. Nami nikainamisha changu. Hatukuwa na lugha ya kuongea, ila tulielewana kabisa.

Kyoto naipita haraka. Pazuri, pamejaa watu, na sehemu kubwa ya mji ni mabasi na reli ambazo pasi hii haizihusu, nami nilikuwa nanuna kila nikitoa sarafu. Najua ni aibu.

Hiroshima tramu nazo haziingii kwenye pasi. Unalipa wakati wa kushuka, unadondosha sarafu kwenye sanduku karibu na dereva. Bomu la atomiki lilipigwa tarehe 6 Agosti 1945. Tarehe 9, siku tatu tu baadaye, kipande cha njia ya tramu kilikuwa kimeshafunguliwa. Magari mawili yaliyokumbwa na bomu lile, namba 651 na 652, yalitengenezwa na kuendelea kubeba abiria hadi miaka yetu hii. Lililonipeleka mpaka kwenye kuba la kumbukumbu lilikuwa jipya, limejaa watoto wa shule wenye kofia za njano. Usiku ule daftari sikuliandika.

Kesho yake uroho ukarudi na nguvu mpya. Nilibakiwa na pengo la yeni elfu tano hivi, na Hakata, stesheni ya jiji la Fukuoka, iko mwendo wa saa moja na kidogo. Nikapanda Shinkansen, nikavuka kutoka kisiwa cha Honshu kwenda Kyushu bila kuiona bahari, kwa kuwa njia inapita chini yake kwenye handaki la kilomita 18.7. Nikashuka, nikala bakuli moja la tambi za mchuzi mzito wa mifupa ya nguruwe mlemle stesheni, nikageuza. Kwenda na kurudi, nauli yake inapita yeni 18,000. Sijui kama kuna mtu amewahi kufuata tambi kwa bei hiyo akajiona mjanja.

Kwa hiyo hesabu ilikwisha siku ya tano, kwa faida. Ningeweza kupumzika. Badala yake, usiku wa mwisho saa nne na nusu nikaingia Ueno na kupanda Yamanote, treni inayozunguka katikati ya Tokyo, stesheni 30, mzunguko wa saa moja hivi. Nauli yake ni ya kuchekesha, lakini pasi ilikuwa bado hai. Shinjuku wakaingia watu wa ofisini wakinuka bia, mmoja akalala wima akishikilia kamba ya juu, na kila treni ikisimama anafumbua jicho moja kusoma jina la stesheni, kisha analifumba. Nilimwangalia stesheni sita. Hakukosea.

Nilitoka Ueno saa tano na dakika hamsini na mbili usiku. Geti likaimeza pasi na kuitema upande wa pili, kama siku zote.

Leo asubuhi nilisimama mbele ya mashine ya tiketi nikitafuta nauli ya vituo vitatu kwenye ramani iliyojaa namba, sarafu zimenijaa kiganjani, na nyuma yangu watu wanne wamepanga foleni, kimya.