Hisa zimepanda "kwa sababu" ya nini hasa?

Usiku wa kuamkia Novemba 9, 2016, Trump alipoonekana kuelekea ushindi, bei za mikataba ya baadaye (ya kununua au kuuza siku za mbele kwa bei ya leo) ya S&P 500, faharasa ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, ziliporomoka takriban asilimia 5. Wachambuzi: soko limeogopa sera zake. Kufika jioni, faharasa ileile ikafunga juu kwa zaidi ya asilimia 1. Wachambuzi: soko limefurahia sera zake. Haya.

Ukisoma "hisa zashuka baada ya takwimu nzuri za ajira", geuza iwe "zapanda". Ikiwa zote mbili zinaingia akilini (riba itapanda, au uchumi uko imara), bado hujaelezwa kitu. Kisha angalia saa. Takwimu za ajira za Marekani hutoka saa 2:30 asubuhi, saa za New York. Kama bei imeanza kuteremka saa 8 mchana, tafuta mchawi mwingine. Namba ilinganishwe na makadirio, maana kilichotarajiwa kilishaingia kwenye bei. Wakisema ni hofu ya riba, fungua bei za hatifungani (dhamana za mkopo) za serikali ya Marekani za miaka 2, ambazo hufuata matarajio ya riba: zisipotikisika, hofu hiyo iko studio tu.

Na badiliko la asilimia 0.3? Hapo soko linapumua tu, ila mhariri anadai kichwa cha habari.